Kipimo Kinachojua Kukataa Kujibu

Kila aliyewahi kufika zahanati akiwa na homa anakijua kile kijisahani cheupe cha plastiki cha kupimia malaria, mRDT. Mhudumu huchoma ncha ya kidole, hunyonya damu mikrolita 5 tu, huiweka kwenye kitundu kimoja, hudondoshea maji ya dawa kwenye kitundu cha pili, kisha husubiri dakika 15. Macho ya mgonjwa huwa kwenye mstari wa herufi T, maana huo ndio unaotangaza malaria. Mstari wa jirani yake, wa herufi C, haulizwi na mtu. Makala haya yanauhusu huo.

Mstari wa C hutokea pale maji yanapopita kwenye utepe wa nitroselulosi hadi karibu na mwisho, yakiwa yamebeba kingamwili zenye rangi ambazo bado hazijaharibika. Usipotokea, kipimo kimebatilika hata kama T inang'aa. Ni shahidi aliyewekwa ndani ya kifaa ili aseme kwamba safari ilifanyika. Lakini shahidi huyu hakuwapo tangu mwanzo. Mhudumu aliyechoka, mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, akisahau kuweka damu na kudondosha maji ya dawa peke yake, C itatokea vilevile, safi kabisa, na mtoto mwenye vimelea mwilini ataandikiwa kwamba hana malaria.

Ninavyoona, hapo ndipo penye swali kubwa kuliko yote katika ubunifu wa vifaa vidogo vya kupimia damu, mkojo na makohozi. Watengenezaji hutangaza udogo, wepesi na kasi. Ukweli wa jibu unategemea mambo mengine: sampuli iliingiaje, imepitia wapi, na kifaa kimepewa uwezo gani wa kukiri kwamba hakijui.

Fani yenyewe inaitwa maikrofluidiki, elimu ya kuongoza vimiminika kwenye mifereji ambayo upana wake mara nyingi haufikii milimita moja. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Stephen Terry na wenzake walieleza jinsi walivyochonga mtambo wa kuchambua gesi juu ya bapa la silikoni linaloenea kwenye kiganja. Kazi ile ilipita bila kelele nyingi. Mwaka 1990 Andreas Manz, akiwa na kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, aliandika pamoja na wenzake wazo lililoipa fani hii dira: maabara nzima ya kemia ipunguzwe hadi iwe kifaa kimoja, ambamo sampuli inaingia upande mmoja ikiwa mbichi na jibu linatoka upande wa pili. Kusafisha, kuchanganya, kupasha moto na kusoma, yote yafanyike humo humo pasipo mkono wa mtu kugusa.

Wazo hilo lilizaa vitu vya ajabu. Mwaka 2000 kundi la Stephen Quake huko California lilionyesha vali za mpira laini zinazofungwa na kufunguliwa kwa shinikizo la hewa, na miaka miwili baadaye likaweka maelfu ya vali hizo kwenye kibao kimoja. Hata hivyo, ukiingia kwenye maabara nyingi za vyuo vikuu, utakikuta kibao kizuri mezani, na nyuma yake mitungi ya gesi, nyaya, kompyuta na hadubini ya thamani ya nyumba. Kifaa kimekuwa kidogo. Maabara imebaki kubwa ileile. Mtu wa Tandahimba au Turkana hakupata kitu.

Ili kuelewa ugumu uko wapi, lazima tukubali kwamba kimiminika kikiwekwa mahali padogo hubadilika tabia. Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alionyesha kwa mkondo wa rangi ndani ya bomba la kioo ni lini maji hupita kwa utulivu na ni lini huanza kuvurugika. Leo kipimo cha hali hiyo huitwa namba ya Reynolds. Katika bomba la kawaida, msukosuko huanza namba hiyo ikizidi takriban 2,000. Katika mfereji wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, maji yakienda milimita moja kwa sekunde, namba hiyo ni 0.1. Hakuna msukosuko. Ukiingiza damu upande wa kushoto na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, upande wa kulia, vitakwenda ubavu kwa ubavu mpaka mwisho wa mfereji bila kuchanganyika kama unavyotarajia.

Kinachobaki ni molekuli kusambaa zenyewe, polepole. Molekuli moja ya kingamwili huhitaji kama dakika mbili kusambaa umbali wa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa kuwa muda huongezeka kwa mraba wa umbali, safari ya sentimita moja ingeichukua kama wiki mbili. Hesabu hiyo ina habari njema na habari mbaya kwa pamoja. Njema ni kwamba ukivisogeza vitu karibu sana, vinakutana upesi, na ndiyo maana kipimo kidogo kinaweza kujibu kwa dakika badala ya saa. Mbaya ni kwamba mbunifu asipofanya hesabu hiyo, nusu ya sampuli itafika mwisho bila kukutana na kitendanishi, na jibu litasomeka chini ya ukweli. Mwaka 2002 Abraham Stroock na wenzake huko Harvard walichonga vijifuo vya mshazari kwenye sakafu ya mfereji, vikalazimisha maji yajipinde na kujikunja yanapopita. Uchanganyaji uliohitaji mfereji mrefu ukawezekana ndani ya sentimita chache, bila pampu ya ziada. Ni kazi inayostahili heshima yake.

Uwembamba una adhabu nyingine. Ukipunguza kipenyo cha mrija hadi nusu, ukinzani wa maji kupita unaongezeka mara 16. Katika mfereji bapa, kina kikipunguzwa kwa kosa la asilimia 10 tu kiwandani, mtiririko hupungua kwa zaidi ya robo. Kosa la unene mdogo kuliko unywele linageuka kosa la kipimo cha sukari au cha kirusi. Na kadiri nafasi inavyopungua, ndivyo kuta zinavyokuwa nyingi ukilinganisha na maji yaliyomo, na kuta hunasa protini. Wabunifu huzipaka kwanza protini ya maziwa au ya damu ya ng'ombe ili zisipate nafasi ya kunasa kile kinachotafutwa. Mpira wa silikoni unaopendwa sana vyuoni kwa kutengenezea vibao vya majaribio una kasoro yake pia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha mwaka 2006 kwamba hunyonya molekuli ndogo ndani yake. Kifaa kikitolewa chuoni kwenda kiwandani, mpira ule unaachwa, plastiki ngumu inamiminwa kwenye kalibu, na kila kilichopimwa mwanzo inabidi kipimwe upya.

Halafu kuna viputo vya hewa. Waulize watu wanaofanya kazi hii nini kinawanyima usingizi. Wengi watakutajia kiputo kabla ya kutaja kemia. Kiputo kikikwama kwenye kona ya mfereji, maji hutafuta njia nyingine au husimama. Kikisimama mbele ya mwanga wa kusomea, mashine husoma hewa ikadhani imesoma damu. Na tone likiachwa wazi katika chumba chenye joto na feni, mikrolita moja hukauka ndani ya dakika chache. Kabla haijakauka kabisa, kila kilichomo kimekwisha kuwa kikali kuliko kilivyokuwa mwilini.

Hayo yote ni ndani ya kifaa. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hutokea kabla sampuli haijaingia. Mwaka 2015 Meaghan Bond na Rebecca Richards-Kortum wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipima matone ya damu yaliyofuatana kutoka kidole kilekile cha mtu yuleyule. Hemoglobini na hesabu ya chembe zilibadilika kati ya tone na tone, kiasi kwamba ilibidi kuchukua wastani wa matone sita hadi tisa ili kupata uthabiti unaokaribia ule wa damu ya mshipa. Kifaa kingekuwa kamilifu kama nini, tone lenyewe lilikuwa linayumba. Kidole kikikamuliwa kwa nguvu, maji ya nyama hujichanganya na damu, chembe nyekundu hupasuka, na potasiamu iliyokuwa imefungiwa ndani yake humwagika. Daktari anayesoma karatasi ataona moyo ulio hatarini ambao hauko hatarini.

Katika miaka hiyo hiyo, kampuni ya Theranos ya California ilikuwa ikiuza ahadi kwamba matone machache ya kidole yangetosha kwa vipimo vya kila aina. Ilianzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes, na kufikia 2014 ilithaminiwa dola bilioni 9. Oktoba 2015 mwandishi John Carreyrou wa gazeti la The Wall Street Journal alianza kufichua kwamba mashine ya kampuni ilitumika kwa vipimo vichache tu, na kwamba sampuli za kidole zilizimuliwa ili zitoshe kwenye mashine za kawaida za makampuni mengine. Mwaka 2016 kampuni ilifuta majibu yote yaliyotolewa na mashine yake kwa miaka miwili. Januari 2022 Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, na Novemba akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Magazeti mengi yalisimulia kisa hicho kama hadithi ya tamaa. Mimi nakisoma pia kama kisa cha watu waliotaka tone litoe kisichokuwamo.

Maana kuna mpaka ambao hakuna ufundi unaoweza kuuvuka. Tuseme damu ya mtu ina virusi 1,000 katika kila mililita. Mililita moja ina mikrolita 1,000, kwa hiyo katika kila mikrolita kuna kirusi kimoja kwa wastani. Lakini wastani si ahadi. Hesabu ya bahati nasibu inaonyesha kwamba ukichota mikrolita moja mara 100, kama mara 37 hutapata kirusi hata kimoja. Kifaa chenye umakini wa kupindukia kitaandika kwamba hakuna kirusi, na kitakuwa kimesema kweli kuhusu tone lile, huku kikiwa kimemdanganya mgonjwa. Mbunifu anayeanza kazi kwa kuchora mifereji bila kwanza kuuliza kinachotafutwa kiko kwa wingi gani ameanzia katikati.

Ndiyo sababu napenda kazi ya Samuel Sia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, iliyopelekwa Rwanda na kuchapishwa mwaka 2011 katika jarida la Nature Medicine. Wao walitafuta kingamwili za virusi vya UKIMWI na za kaswende. Mwili ulioambukizwa hutengeneza kingamwili kwa mabilioni, hivyo hata mikrolita moja ya damu inabeba za kutosha. Tone dogo hapo halikuwa ujanja wa biashara, lilikuwa limekokotolewa. Na kile kiputo kinachowanyima wengine usingizi, wao walikiajiri. Vitendanishi vilipangwa mapema kwenye mrija mmoja, kila kimoja kikitenganishwa na mwenzake kwa hewa, vikaja kwenye sampuli kwa zamu kama vilivyopangwa, vikivutwa na bomba la sindano. Hakukuwa na vali, hakukuwa na pampu ya umeme, na mpangilio haukutegemea kumbukumbu ya mhudumu. Jibu lilitoka ndani ya dakika kama 20. Mwaka 2015 kundi hilo lilirudi na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye simu, ambacho nguvu yake ya kuvuta maji ilitokana na kubonyeza kibofu cha mpira. Wahudumu wa afya nchini Rwanda walifundishwa kwa nusu saa, wakakitumia kwa wagonjwa 96. Gharama ya kukitengeneza ilikadiriwa kuwa dola 34.

Kifua kikuu hakina huruma hiyo. Bakteria aliyetambuliwa na Robert Koch mjini Berlin mwaka 1882 anaweza kuwa mapafuni kwa idadi ndogo na bado akaua. Hadubini, iliyotegemewa kwa zaidi ya karne, humwona pale makohozi yanapokuwa na bakteria takriban 10,000 katika mililita. Chini ya hapo, mgonjwa hurudishwa nyumbani akiendelea kukohoa. Si bure kwamba pale Morogoro panya wa shirika la APOPO hunusa upya makohozi ambayo vituo vimekwisha kuyapitisha kuwa salama. Na makohozi yenyewe ni sampuli ngumu kuliko damu: mazito, ya kunata, yasiyo sawa kutoka upande hadi upande, wakati mwingine yakiwa na mabaki ya chakula. Ukiyaingiza kwenye mfereji mwembamba yalivyo, umeuziba.

Katriji ya GeneXpert, iliyotengenezwa na kampuni ya Cepheid ya Sunnyvale, California, ndiyo jibu lililofika mbali zaidi. Teknolojia yake ilikwisha kutumika kukagua barua nchini Marekani baada ya mashambulizi ya kimeta ya mwaka 2001. Kwa kifua kikuu iliboreshwa kwa ushirikiano na shirika la FIND la Geneva na watafiti wa New Jersey wakiongozwa na David Alland. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake Desemba 2010, na tangu hapo imeingia katika hospitali za mikoa na wilaya kote Afrika Mashariki. Ukiishika mkononi haikushangazi: ni kikombe cha plastiki chenye ukubwa wa kutosha kiganjani, na mgongoni kina kijimfuko bapa chenye ncha. Ndani ndimo mlimo na akili.

Mtaalamu wa maabara huchanganya makohozi na dawa ya kuyalainisha, sehemu mbili za dawa kwa moja ya makohozi, huyatikisa, huyaacha dakika 15, kisha humimina mililita 2 ndani ya katriji na kuifunga. Mkono wa binadamu unaishia hapo. Katikati ya katriji kuna bomba linalofanya kazi kama la sindano, na kulizunguka kuna vyumba kadhaa vyenye maji ya kuoshea na vitendanishi. Chini yake kuna vali ya duara. Mashine huizungusha vali ili ifungue chumba kimoja, hulivuta bomba, huizungusha tena, hulisukuma. Kwa mzunguko na msukumo tu, hatua zote hufanyika. Makohozi hupita kwenye chujio, bakteria hunaswa, uchafu huoshwa. Mawimbi ya sauti yasiyosikika huwapasua bakteria, vinasaba vyao hutoka, huchanganyika na vitendanishi vilivyokaushwa kama punje, na mchanganyiko husukumwa hadi kwenye kile kijimfuko bapa. Humo hupashwa moto na kupozwa tena na tena, huku vinasaba vikijizidisha na mashine ikisoma mwanga wa rangi mbalimbali. Jibu la kifua kikuu na la usugu kwa dawa ya rifampisini hutoka chini ya saa mbili.

Angalia kilichofanyika na kiasi. Kilichoingia ni mililita 2. Kilichosomwa mwishoni ni mikrolita 25. Katriji haikulazimisha tone dogo litoe kisichokuwamo. Ilimeza sampuli kubwa, ikakusanya bakteria waliotawanyika, ndipo ikawaleta mahali padogo. Kwa njia hiyo iliweza kutambua bakteria takriban 131 katika mililita. Toleo lililofuata, Ultra, lililopata baraka za Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, lilishuka hadi takriban 16. Mojawapo ya mabadiliko yaliyoliwezesha ni kwamba kijimfuko cha mwisho kilipanuliwa kutoka mikrolita 25 hadi 50. Katika fani inayosifiwa kwa kupunguza, umakini uliongezeka kwa kupanua. Nalo lilikuja na gharama yake: likiwa na jicho kali hivyo, huweza kuona mabaki ya bakteria waliokwisha kufa kwa mtu aliyetibiwa zamani, na daktari analazimika kuuliza historia kabla ya kuandika dawa.

Sasa tumrudie shahidi. Ndani ya kila katriji ya kifua kikuu vimewekwa, kabla haijatoka kiwandani, vijidudu visivyo na madhara vya aina ya Bacillus globigii, vikiwa katika hali ngumu ya mbegu. Vinapita njia ileile ya bakteria wa mgonjwa: vinachujwa, vinapasuliwa, vinasaba vyao vinazidishwa. Kama makohozi yana kitu kinachozuia kemia, au mawimbi hayakupasua vizuri, vijidudu hivyo navyo havitaonekana. Hapo mashine haiandiki kwamba mgonjwa hana kifua kikuu. Inaandika kwamba kipimo ni batili. Kabla ya kuanza kuzidisha vinasaba inakagua pia kama punje zimeyeyuka, kama kijimfuko kimejaa na kama rangi ziko salama. Kasoro ikionekana, inasimama na kutoa namba ya hitilafu. Umeme ukikatika katikati, inasema hakuna jibu.

Wasimamizi wengi wa afya huyaona majibu haya kama aibu. Ripoti ya robo mwaka ikionyesha katriji kumi zilizokataa kujibu, huulizwa nani ameharibu mali ya serikali. Naelewa uchungu huo, kwa sababu kila katriji ina bei. Ilianza karibu dola 17, ikashushwa hadi dola 9.98 mwaka 2012 kwa makubaliano na wafadhili, kisha dola 7.97 Septemba 2023 baada ya wanaharakati, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwa mbele, kudai kwa miaka kwamba dola 5 inatosha. Lakini katriji iliyokataa kujibu imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Ambayo ingepaswa kutuogopesha ni ile inayosema hapana kwa sauti ya uhakika bila kuwa na njia ya kujua.

Hili halimaanishi kila kukataa ni kwa heshima. Mashine hizi ziliundwa zifanye kazi katika chumba chenye nyuzi joto 15 hadi 30, na katriji zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 28. Mtu aliyekaa Dar es Salaam mwezi Februari, au Mombasa, anajua chumba kisicho na kiyoyozi kinavyokuwa saa nane mchana. Vumbi nalo huziba matundu ya feni, na umeme una mambo yake. Hitilafu zinazotokana na hali hizo hazikutoka kwa mgonjwa wala kwa mtaalamu. Zilitoka kwa mchoro ambao haukumkumbuka mtumiaji. Na mwenye kulipa ni mgonjwa, anayeambiwa arudi kesho kutoa makohozi mengine, wakati nauli ya leo aliikopa.

Tena kipimo sahihi peke yake hakitibu. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2014, ukihusisha wagonjwa 1,502 wa vituo vya Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Mbeya, Tanzania, uliwapa wauguzi waliofundishwa muda mfupi mashine hii waiendeshe wenyewe kliniki. Usahihi wao ulilingana na wa wataalamu wa maabara, na wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile. Hata hivyo, hali ya ugonjwa miezi iliyofuata haikutofautiana na ya waliopimwa kwa hadubini, kwa kuwa madaktari wazoefu walikuwa tayari wakiwaanzishia dawa wengi wa wenye dalili bila kungoja jibu. Sisomi hapo kwamba kifaa hakina faida. Nasoma kwamba uzoefu wa madaktari wetu ulikuwa ukibeba mzigo wa hadubini kimyakimya, na kwamba faida kubwa ya kipimo itaonekana pale ambapo daktari mzoefu hayupo.

Bado katriji ya kifua kikuu ina upofu uleule wa mstari wa C, ingawa mdogo zaidi. Shahidi wake amepita njia yote ya ndani, lakini hakuwapo kifuani mwa mgonjwa. Mgonjwa akitema mate badala ya kukohoa kutoka ndani, vijidudu vya kiwandani vitaonekana vizuri, bakteria hawataonekana, na jibu litakuwa hapana. Ndiyo maana dakika tano za muuguzi anayemfundisha mgonjwa kuvuta pumzi na kukohoa kwa kina ni sehemu ya kifaa hicho, hata kama haimo kwenye boksi.

Mfano wa kuliziba pengo hilo upo, na umetoka kwa kampuni hiyo hiyo. Katriji ya kupima virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hutafuta pamoja na virusi hivyo kinasaba kimoja cha binadamu. Kinasaba hicho hakikuwekwa kiwandani. Kinapatikana tu ikiwa kijiti kiligusa mwili na kuchukua seli za kutosha. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza katika uchunguzi wa saratani hiyo, na wanawake wanaruhusiwa kujichukulia sampuli wenyewe, faraghani, bila kulazwa kitandani mbele ya mgeni. Bila shahidi anayetoka mwilini, hofu ya daktari ingekuwa ya haki: labda mama hakuchukua vizuri. Akiwapo, mashine inaweza kutofautisha mwanamke asiye na virusi na kijiti kisicho na seli.

Zabuni za vifaa vya maabara hudai takwimu za umakini, na wauzaji huzileta, nyingi zikiwa zimepatikana katika maabara yenye kiyoyozi. Ningependa kamati zetu za manunuzi, Dodoma, Nairobi na Kigali, ziongeze maswali mawili kwenye karatasi hizo na zisinunue chochote kabla hayajajibiwa. La kwanza: katika chumba cha nyuzi 32, na umeme unaokatika, kifaa hiki hukataa kujibu mara ngapi katika kila mia? La pili: kinaposema hapana, kina ushahidi gani kwamba sampuli ya mgonjwa ilikuwamo?